Jibu: Kuhusu kununua chapa ya sanaa inayokejeli tangazo la kikoloni

Ndugu, umeuliza kama ununue chapa (picha ambayo msanii huichapisha kwa nakala chache) inayokejeli tangazo la sabuni la enzi ya ukoloni, ambayo muuzaji wa hapa Lubumbashi anasema ni nakala 12/50, yaani ya kumi na mbili kati ya hamsini, na utaitunzaje.

Nakushauri uanze na kejeli yenyewe: je, msanii amegeuza maana ya picha ya zamani, au amerudia tu dharau yake kwa rangi mpya? Tazama jinsi msanii wa picha Sammy Baloji, mzaliwa wa mji wetu, alivyofanya mwaka 2006 katika mfululizo wake wa picha "Mémoire", alipopachika wafanyakazi wa picha za kumbukumbu za kampuni ya madini juu ya magofu ya leo; si kejeli, lakini kila kilichokatwa kina sababu.

Kisha kagua karatasi kwa lenzi ya kukuza. Wino wa chapa ya skrini, inayochapwa kwa kusukuma wino kupitia kitambaa cha wavu, hukaa juu ya karatasi, mzito na sawasawa, ilhali nakala ya kawaida ya mtambo huonyesha vitone vya rangi nne vilivyochanganyika. Vitone vya rangi moja visikutie shaka, kwani wasanii wengi huvihifadhi makusudi kutoka katika picha ya asili. Namba na sahihi kwa kawaida huandikwa kwa penseli, chini ya picha. Zikiwa zimechapishwa pamoja na picha, usilipe bei ya nakala yenye idadi maalumu.

Ukishainunua, usiibandike kwa selotepu. Weka karatasi nene isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati ili picha ionekane, kati yake na kioo cha fremu, kwa sababu unyevu wa majira ya mvua huigandisha kwenye kioo, na uitundike mbali na jua.