Vitambaa tunapewa bure, mbona hela haionekani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi ni kikundi cha wanawake 12, wengi wajane au tulioachiwa watoto tuwalee peke yetu. Kiwanda cha nguo hutupa marobota ya vitambaa vilivyobaki. Tunashona mikoba na kuiuza rahisi kwa kuwa kitambaa hatununui, lakini tukigawana, kila mmoja anapata kiduchu. Sasa mteja anataka mikoba 60 inayofanana, na sisi tuna vipande vya kila rangi. Tufanyeje?
Katibu wa kikundi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na bei, maana hapo ndipo mnapoumia. Mmepewa kitambaa tu; zipu, uzi, bitana na saa za kuinamia cherehani hamkupewa. Pangeni bei kana kwamba kitambaa mmenunua dukani, na hela hiyo ya kitambaa msigawane, iingie mfuko wa kikundi. Marobota yakikoma kuja, mtanunua jora na kazi itaendelea. Saa za kuchambua, kufumua na kupiga pasi nazo ziandikwe daftarini. Nimeona vikundi vinavyomlipa mshonaji peke yake, aliyeshinda akichambua akaambulia asante. Ugomvi hapo hauko mbali.

Kuhusu ile mikoba, msihangaike na rangi. Mteja akubaliane nanyi juu ya kipimo, mpini na zipu. Kateni patani moja ya kadibodi, itumiwe na wote. Kitako na mipini vitoke kwenye kitambaa kizito cha aina moja, kwa mfano jinzi. Vipande vya rangi vikae mbele. Shoneni mmoja, mteja auone na kuukubali, ndipo mkate mingine.

Ila msiunganishe vipande kabla ya kujua ni vya kitambaa gani. Chomoeni nyuzi chache, mziwashe juu ya sahani ya bati. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikaganda kidonge kigumu. Pamba ifueni kwanza isinyae, la sivyo mkoba utajikunja baada ya kufuliwa. Vitambaa vinavyovutika vitafutieni sindano ya ncha butu. Ile ya kawaida huruka mishono.

Halafu waambieni hao wa kiwandani mnachokihitaji. Robota lenye ukungu si msaada, ni takataka zao mnazowasaidia kutupa. Najua kumkatalia anayekupa kunatia haya. Andikeni orodha fupi, mwenyekiti wenu aipeleke mwenyewe.