Babu Alivuka Bahari, Lakini Je, Alikuwa Baharia?

Hapa Bombo, Uganda, ambako nyumba nyingi zilitoa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, familia huniletea barua za kuomba nishani za babu zao waliopigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mara nyingi barua hizo huanza kwa kusema kwamba marehemu alitumikia baharini. Nikiwadadisi wazee wa nyumba, hubainika kwamba alipanda meli Mombasa, akashuka Colombo, kisha akapelekwa Burma pamoja na kikosi chake. Ushauri wangu wa kwanza ni kuifuta sentensi hiyo, kwa sababu askari aliyesafirishwa kwa meli hahesabiwi kuwa baharia, na masharti yao hayafanani.

Tazama Nyota ya Burma, mojawapo ya nishani za Uingereza za vita hivyo, inayohusu kipindi cha tarehe 11 Desemba 1941 hadi 2 Septemba 1945. Askari wa nchi kavu aliyeingia Burma akiwa kazini aliistahili hata kama alikaa siku moja. Baharia, awe wa jeshi la wanamaji au wa meli za biashara, kwa kawaida alitakiwa kwanza kutimiza siku 180 za kumpatia Nyota ya 1939–1945, na hapo ndipo utumishi wake katika Ghuba ya Bengali ulipoanza kuhesabiwa. Mjukuu anayemwita babu yake baharia anajitafutia deni la miezi sita ambalo mzee hakudaiwa kamwe.

Ikiwa kweli alikuwa baharia, basi hesabuni siku kwa uangalifu. Nyota ya Atlantiki nayo hudai siku 180 majini, juu ya zile zilizompatia Nyota ya 1939–1945. Medali ya Vita ni nyepesi zaidi: siku 28 za utumishi zinatosha, ila kwa mabaharia wa meli za biashara siku hizo lazima ziwe za baharini, wala si za kusubiri bandarini. Pia aliyestahili Nyota ya Burma na ile ya Pasifiki alipewa tu ile aliyoistahili kwanza, na nyingine ikawakilishwa na kipande cha chuma juu ya utepe. Msidhani kwamba nyota moja iliibwa.

Wengine hunionyesha nyota yenyewe wakiamini kwamba inatosha kuwa ushahidi. Nyota hizi zina pembe sita, na utepe wa ile ya 1939–1945 una mistari mitatu, buluu iliyokoza, nyekundu na buluu nyepesi, lakini zile zilizotolewa na Uingereza hazikuchongwa jina la mtu. Kinachothibitisha ni cheti cha kuachishwa jeshi, chenye namba ya askari, kikosi na tarehe, na mara nyingi kimekunjwa hadi maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika. Kinakilini leo, kabla mvua na mchwa havijakimaliza.

Lipo jambo moja linalonigusa sana. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, na karibu watu 1,300 wakafa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Familia za watu kama hao huambiwa kwamba marehemu hakutimiza siku. Si kweli, kwa kuwa utumishi uliokatizwa na kifo au jeraha lililotokana na kazi unakubalika kwa Nyota ya 1939–1945. Askari hao wa mizinga wameandikwa katika mnara wa kumbukumbu ulio kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Tafuteni jina huko kabla ya kukata tamaa.

Maombi hupelekwa kwa ofisi ya nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, nayo humtambua ndugu wa karibu zaidi aliye hai. Kubalianeni nyumbani ni nani huyo, aandike yeye peke yake, na atume nakala, si cheti halisi.