Batani za gari zinanata kama utomvu wa fenesi? Usizipake kitu, livue lile koti

Kama umewahi kupasua fenesi bila kupaka mafuta mikononi unajua ninachoongelea. Vidole vinashikana, unanawa na sabuni haitoki, ukigusa karatasi unaondoka nayo. Hivo ndivo zilivyokuwa batani za gari yangu, ya madirisha, ya hazadi (taa za dharura), ya vioo vya pembeni, mpaka zile za kupasha siti joto ambazo hapa Jinja hatuzigusi kabisa, zote zinanata. Ukibonyeza dirisha lishuke kidole kinarudi na weusi, alafu vumbi letu jekundu likishatua pale halitoki tena, batani nyeusi inageuka rangi ya matofali. Mke wangu, Mama Aisha, alifika mahali anafungua dirisha kwa kutumia kitambaa. Iliniuma sana, manake hii gari naipenda.

Gari yenyewe ni ndogo, ya Kijerumani, ya mwaka 2001, milango miwili, usukani wa kulia, niliinunua 2019 kwa mzee mmoja wa Entebbe, ilikuwa imekaa chini ya banda la mabati muda mrefu. Iliingia Uganda zamani, kabla ya sheria ya 2018 iliyozuia kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15. Naitaja hiyo sheria kwa sababu ndiyo inayofanya mambo madogo kama batani yawe makubwa, huwezi tena kuagiza gari nzima ya aina hii kutoka Japani au Uingereza, na Kisekka, lile soko la vipuri Kampala, ukiulizia batani zake utazunguka kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri wanakuonyesha za gari nyingine. Kwa hiyo ulizo nazo ndizo hizo hizo, ukiziharibu umeziharibu.

Na si gari yangu tu, ndugu zangu. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya tisini mwishoni na elfu mbili mwanzoni yana huu ugonjwa, hata Ferrari 360 na Maserati za miaka ile zinajulikana kwa batani za kunata, kuna mafundi huko nje kazi yao ni hiyo tu. Sababu ni kwamba wakati ule viwanda vilipenda plastiki ya ndani iwe laini ukiigusa, kama ngozi ya pichi hivi. Sasa plastiki yenyewe ni ngumu, wakaipaka juu utando mwembamba wa poliyurethani ili uwe laini. Ule utando ndio unaokufa. Unyevu wa hewani unakata minyororo yake polepole mwaka baada ya mwaka, joto linaharakisha, na mafuta ya vidole yanamalizia. Sasa fikiria gari inalala kando ya ziwa Nyanza ambako hewa ina maji mwaka mzima, mchana inashinda juani madirisha yamefungwa, alafu Jumamosi mko njiani kwenda Kampala mnasimama Namawojjolo mnakula kuku wa kijiti na gonja, mnaingia ndani na vidole vile vile mnabonyeza dirisha. Ongeza Vaseline tunayojipaka asubuhi. Ongeza dawa ya mbu ya kujipaka, ile yenye DEET, hiyo inayeyusha plastiki na rangi kabisa. Alafu ikaja korona tukawa tunapaka sanitaiza kila tukiingia garini na kushika usukani mikono ikiwa bado mibichi, mi nina hakika ule mwaka wa 2020 ndio ulioimaliza ya kwangu.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe ambalo nilichelewa kulielewa. Utomvu wa fenesi ni kitu cha nje kimekuja kukaa kwenye mkono, kwa hiyo unaweza kuuosha ukabaki na mkono wako. Lakini batani hainati kwa sababu imechafuka, kinachonata ni koti lake lenyewe, yaani ule utando, limeoza. Huwezi kusafisha kitu kilichooza kikawa kizima. Kila unachokipaka juu yake unakipaka juu ya maiti.

Mi nilipaka, tena sana. Jirani yangu pale Walukuba aliniambia nifanye kama fenesi, nipake mafuta ya kupikia, nikapaka, siku mbili zikawa laini kweli nikafurahi, siku ya tatu zikawa uji. Nikapaka poda ya watoto, hiyo inasaidia kama wiki hivi alafu batani inakuwa na ukoko wa kijivu. Ile polishi ya kung'arisha dashibodi wanayopuliza kwenye washing bei (pale wanapoosha magari) nayo ni mafuta yale yale, waambie ndani wapanguse kwa kitambaa kibichi tu, wasipulize kitu.

Kilichoniumiza zaidi ni thina. Nilienda gereji moja, sitaitaja, fundi akasema "Mzee, hiyo ni dakika mbili tu," akachovya kitambaa kwenye thina akafuta batani ya hazadi. Kweli ulimbo ulitoka, lakini na ile pembetatu nyekundu ikatoka, na plastiki ikawa na mawimbi kama mshumaa. Thina, asetoni (hata ile ya kutoa rangi ya kucha), petroli, usikubali mtu azisogeze karibu na plastiki ya ndani. Plastiki nyingi za huko ndani ni za aina inayoitwa ABS, na asetoni inaila ABS papo hapo, si baada ya mwezi, ni pale pale unaona.

Kitu kilichofanya kazi nilikipata kwa kijana anayetengeneza simu mjini. Nilikuwa nimempelekea simu ya Aisha iliyoingia maji, nikamwona anasafisha bodi kwa brashi na maji fulani yanayokauka upesi. Nikamuuliza, "Kaka, hayo ni nini?" Akasema, "Hii ni isopropili, ssebo, inatoa gundi bila kula plastiki." Nikamwomba kidogo kwenye kichupa, nikaenda kujaribu chini ya kifuniko cha redio mahali pasipoonekana, na ulimbo ukaja wote kwenye kitambaa, plastiki ikabaki kavu. Nilisimama pale kwenye maegesho nikicheka peke yangu.

Kwa hiyo unachotafuta ni alkoholi ya isopropili, ya asilimia 90 kwenda juu, uliza kwa mafundi simu au maduka ya vifaa vya maabara. Nusu lita ilinitosha batani zote na ikabaki. Sanitaiza haifai ingawa nayo ni alkoholi, manake wanatia gliserini ili isikaushe mikono, na gliserini inabaki kwenye batani ikinata upya. Waragi nayo mtu aliniuliza, hapana, zaidi ya nusu ya chupa ni maji.

Kabla hujatoa batani yoyote, fungua betri, waya wa hasi kwanza. LAKINI kabla ya hapo hakikisha unayo namba ya siri ya redio kama gari ni ya Ulaya, manake nyingi redio zake zikikatiwa umeme zinajifunga na zinadai hiyo namba, mi yangu ilikuwa imeandikwa kwenye kadi ndani ya kitabu cha gari, ningekuwa sijaitunza ningekaa bila redio. Ukishafungua betri piga picha kila kitu na simu, waya upi unaingia wapi. Tumia kitu cha plastiki kubanua, mi nilitumia kadi ya ATM iliyokwisha muda, bisibisi ya chuma inaacha makovu pembeni ambayo utayaona kila siku. Asubuhi na mapema plastiki ikiwa baridi inavunjika haraka, subiri jua liipashe kidogo ndio ubanue. Na kama ukitoa swichi usiitumbukize nzima kwenye alkoholi, ndani mna vyuma vidogo na grisi yake, tenganisha kile kifuniko cha juu peke yake, kikikataa kutoka basi acha, safisha kikiwa pale pale na kitambaa chenye unyevu, si kinachodondosha.

Sasa hapa ndipo pa kwenda polepole, alama. Ile picha ya dirisha, ya taa, ya feni. Batani nyingi zinazowaka usiku zimetengenezwa hivi, plastiki ya chini ni nyeupe inayopitisha mwanga, juu yake wamepaka rangi nyeusi, alafu mashine ya leza imeunguza ule weusi ikachora alama, ndio maana usiku mwanga unapita kwenye mchoro tu. Utando laini uko juu ya hayo yote au wakati mwingine ule weusi wenyewe NDIO utando. Kama ni vile vya kwanza una bahati, unatoa ulimbo na alama inabaki. Kama ni vya pili, ukifuta mpaka mwisho unabaki na batani nyeupe isiyo na alama wala chochote. Na kwa macho huwezi kujua ni ipi, kwa hiyo anza ubavuni, sehemu inayojificha ndani batani ikirudishwa. Angalia kitambaa chako. Ukiona kinatoka kitu kizito cha kuvutika kama bazoka ya kutafuna uko kwenye ulimbo, endelea. Ukiona kinaanza kutoka weusi mkavu, mwepesi, kama wino, simama hapo hapo.

Kuna ujanja mwingine nilioupenda sana, washa tochi ya simu uiweke nyuma ya ile batani kwenye chumba chenye giza. Mwanga ukipita kwenye alama tu, weusi bado mzima. Ukiona vitundu vya mwanga kama nyota pembeni ya alama ujue umeanza kula rangi. Nilikuwa napima hivyo kila baada ya kufuta mara tatu nne, Aisha ndiye alikuwa ananishikia simu, na yeye ndiye aliyeona kwanza kwenye ile ya feni akasema, "Baba, inavuja." Nikaacha. Ile batani mpaka leo ina unato kidogo sana kwenye kona moja na nimeiacha hivo hivo, bora unato kuliko kupoteza alama.

Namna ya kufuta, lowesha kitambaa cha pamba, kiweke juu ya batani sekunde ishirini hivi kilainishe, alafu vuta upande mmoja bila kukandamiza. Kitambaa kikichafuka geuza, kikichafuka tena tupa chukua kingine, manake ukiendelea na kile kile unahamisha ulimbo huku na huku. Mi nilikata fulana mbili za zamani zikaisha zote. Kwenye mifereji midogo tumia mswaki laini na kijiti cha kuchokoa meno, cha mti. Fungua milango, alkoholi inawaka moto na mvuke wake unaumiza kichwa, usifanyie jikoni karibu na sigiri. Kila batani ilinichukua kama robo saa, ile ya kurekebisha vioo karibu saa nzima. Jumamosi yote na Jumapili mpaka alasiri.

Baada ya hapo zinakuwa ngumu na zinang'aa kidogo, ule ulaini wa zamani haupo tena na haurudi. Wengine wanapaka rangi nyeusi isiyong'aa, mi nilipaka zile zisizo na alama tu, kwanza praima ya plastiki, kisha rangi mikono mitatu myembamba, dakika kumi na tano kati ya mkono na mkono, nikaziacha mpaka kesho yake bila kuzigusa. Usipake siku ya mvua, unyevu ukiingia kwenye rangi inafanya ukungu mweupe ambao hautoki. Zenye alama niliziacha uchi. Sioni haja ya kuzipaka, na zinapendeza.

Ile ya hazadi iliyoharibiwa na thina niliipiga msasa laini wa maji namba 1000 mpaka mawimbi yakapungua, nikaipaka nyekundu, alafu wachapaji wa Nasser Road kule Kampala wakanikatia stika ndogo ya pembetatu, wale watu wanajua kazi. Ukiiangalia kwa karibu utajua si ya kiwandani lakini inafanya kazi na inaonekana, na hazadi ni kitu cha usalama, usiendeshe bila kujua iko wapi.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nimalize. Napangusa na kitambaa chenye maji na tone moja la sabuni ya vyombo, basi. Nimenunua kile kizuizi cha jua cha kuweka nyuma ya kioo cha mbele, na tukitoka Namawojjolo mna chupa ya maji na sabuni mlangoni, kila mtu ananawa kabla ya kuingia. Mama Aisha ameacha kitambaa chake nyumbani.

Kilichobaki ni vishikio vya milango upande wa ndani, navyo vimeanza kulainika. Hivyo ni vikubwa na vitahitaji rangi, kwa hiyo nasubiri Januari hewa ikauke.