Mgeni wa Mombasa aanzie Mandhry

Mmetuuliza wasomaji: katika mji wako, ni nyumba gani ya ibada inayoeleza historia ya mji kuliko nyingine zote? Kwa Mombasa, jibu langu ni Msikiti wa Mandhry, Mji wa Kale. Najua wengi wataitaja Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyo karibu nao, kwa kuwa nayo iliwahi kuwa na kanisa ndani. Hapo ndipo penye hoja yangu.

Mandhry unahesabiwa kuwa ulijengwa mwaka 1570. Wareno walianza ngome yao mwaka 1593, kwa hiyo walipokuwa wakipandisha kuta, adhana ilishasikika hapo zaidi ya miaka 20. Ni msikiti mdogo, mweupe, wenye mnara mnene unaochongoka kadiri unavyopanda, na ng'ambo ya njia kuna kisima. Hauna madoido. Watu wanaswali humo hadi leo.

Wareno nao walikuja na ibada yao. Watawa Waagustino walikuwa na makao mjini. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala. Mwaka 1631 aliukana Ukristo, akamuua kapteni wa ngome, na Wakristo wengi, Wareno kwa Waafrika, wakauawa. Ni habari chungu, nami naumia kuona inavyorukwa na wanaotembeza wageni. Waomani walipoiteka ngome mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, Ukristo ule ulikwisha pamoja na mizinga iliyoulinda. Ngome imebaki imara, lakini ni makumbusho.

Ukristo uliodumu uliingia kwa mlango mwingine. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, lakini kwangu mimi mwaka mkubwa zaidi ni 1875, Frere Town ilipoanzishwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa kaskazini, kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Walitoka makabila mbalimbali, wengine wamelelewa India, na wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Kanisa likawa ndilo ukoo wao. Walikuwa na kengele ya kuwaonya hatari ikija, na mpaka leo makanga wa matatu hukuita ushukie Kengeleni.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1905, kisiwani kukafunguliwa kanisa kuu la Waanglikana, kumbukumbu ya Askofu Hannington aliyeuawa Busoga, Uganda, mwaka 1885. Litazame kuba lake na matao yake: asiyeuona msalaba atadhani ni msikiti. Waliolijenga walikubali kwamba wamejenga Mombasa, si London, na nawaheshimu kwa hilo.

Mabohora wana msikiti wao Mji wa Kale, Wahindu wana mahekalu yao, na Masingasinga wana lao. Ila ninalolipenda ni hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale iliyotoka India, Barabara ya Langoni, la marumaru nyeupe. Viatu huachwa nje, na hata mkanda wa ngozi hauingii, kwani imani yao inakataza kudhuru kiumbe hai. Lilifunguliwa mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru, wakati Wahindi wengi wa Kenya walikuwa wakijiuliza wabaki au waondoke. Asiyekusudia kubaki hajengi kwa marumaru.

Ndiyo maana naichagua Mandhry. Ngome ilijengwa na watu walioogopa mji, msikiti ukajengwa na wenye mji, na makanisa na mahekalu yaliyodumu yalijengwa na waliokubali kuwa watu wa Mombasa. Watoto wa shule hushushwa basi Fort Jesus, wakaonyeshwa mizinga, wakarudishwa kwao. Walimu, ombeni ruhusa kwa wenye msikiti, muwatembeze watoto mpaka Mandhry kwanza. Ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu.