Maswali yenu: Universal Credit na zile wiki tano za kusubiri

Meseji nyingi safari hii zimetoka kwa ndugu zetu wa Uingereza, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, nimeshaaplai Universal Credit (ule msaada wa hela wa kila mwezi wa serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo), mbona hela haiji. Twende moja moja.

Shikamoo dada. Nimeaplai tarehe 10 Machi, Jobcentre (ofisi ya serikali ya kazi na misaada) wananiambia hela mpaka katikati ya Aprili. Kwani nimepewa adhabu? (Mama wa wawili, Leicester)

Marahaba mdogo wangu. Sio adhabu, wote ni hivohivo. Universal Credit inalipwa nyuma, yaani wanaangalia kwanza mwezi mzima, umeingiza kiasi gani, unaishi na nani, kodi ya nyumba bei gani, halafu wanachukua mpaka siku 7 kuingiza hela benki. Mwezi wako ni 10 Machi mpaka 9 Aprili, kwa hiyo tegemea kama tarehe 16 Aprili. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, kulikuwa na siku 7 za mwanzo ambazo hulipwi kabisa, wakazifuta Februari 2018. Mi hata hizi wiki tano zinaniuma, mtu ana watoto na friji halina kitu unamwambiaje asubiri wiki tano, watu wanaingia madeni ya kodi ambayo hawakuwa nayo kabisa! Mwambie mwenye nyumba tarehe ya malipo leo hii, kwa maandishi, usingoje akuulize. Na punguzo la kaunsil taksi, yaani kodi ya manispaa, unaliomba kaunsili kivyake, halimo kwenye Universal Credit, wengi wanalisahau.

Advansi nichukue? Mume wangu anasema ni riba.

Advansi ni hela ya Universal Credit unayopewa mapema wakati unasubiri. Mwambie haina riba, unarudisha kilekile ulichochukua. Ila ni mkopo, hapo mumeo ana haki ya kuogopa. Ukichukua £600 ukagawanya miezi 24 ni £25 kila mwezi, na wanaanza kukata kwenye malipo yako ya kwanza kabisa. Chukua ya chakula, umeme na kodi, usichukue yote eti kwa sababu wamekuruhusu.

Nimeachishwa kazi ghala, mshahara wa mwisho haujaingia. Niaplai leo au nisubiri?

Hili swali zuri sana kaka na ndipo watu wengi wanapoumia. Kawaida nasema aplai siku hiyohiyo, maana saa inaanza kuhesabu siku uliyotuma fomu, sio siku uliyoachishwa. Lakini mshahara ukiingia ndani ya ule mwezi wa kwanza unahesabiwa, kila £1 inakukata senti 55, so ukipokea £1,200 mkononi, huna mtoto wala ugonjwa, wanakukata £660, malipo ya kwanza yanaweza yakaisha yote. Kama mshahara unaingia keshokutwa, ngoja uingie ndo utume fomu. Kama ni wiki tatu mbele usikae tu, nenda Citizens Advice, shirika la kuwashauri watu, wakupigie hesabu, wana huduma ya bure inaitwa Help to Claim. Jambo moja tena, wanaangalia siku ambayo mwajiri amewaripotia HMRC, yaani mamlaka ya mapato ya Uingereza, kwa hiyo muulize mtu wa mishahara pale kazini anaripoti lini, usiangalie benki peke yake.

Naumwa figo, siwezi kazi. Ile nyongeza ya wagonjwa mbona hawanipi?

Pole sana mama. Nyongeza ile ina miezi 3 yake ya kusubiri, tofauti na zile wiki tano, na inaanza kuhesabiwa unapowapa cheti cha daktari. Kama cheti kipo kwenye droo, hiyo miezi haijaanza! Kitume leo kwenye akaunti yako, na kikiisha omba kingine bila kuacha pengo. Wakichelewa kukufanyia tathmini usikate tamaa, wakikukubali wanalipa na ya nyuma.

Nimepata karatasi za ukimbizi juzi, sina namba ya National Insurance (ile namba ya mtu ya kazi na misaada). Wanasema siwezi kuaplai.

Unaweza, ndugu yangu. Kukosa namba hakukuzuii kuaplai, wanaitafuta wao kwenye mchakato huohuo. Akikukatalia mtu wa kaunta mwombe aandike sababu. Usisubiri mpaka utolewe kwenye nyumba ya asylum, yaani ya waomba hifadhi, siku ulizopewa zimeandikwa kwenye barua na zinakimbia, kwa hiyo omba na advansi siku hiyohiyo.

Mimi raia, mke wangu viza yake imeandikwa no recourse to public funds, yaani haruhusiwi kuchukua misaada ya serikali. Nikiaplai nitamharibia?

Aplai wewe, mtaje na yeye, usimfiche. Watakulipa kama uko peke yako ingawa mshahara wake utahesabiwa. Yeye asiombe chochote kwa jina lake mpaka aongee na mshauri wa uhamiaji mwenye leseni, na mwende kwa mshauri huyo kabla ya kuomba viza mpya, mkiwa na barua zote za Universal Credit.