Kwa mwanangu, kuhusu Lacan na wafafanuzi wake

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika. Unauliza kama vitabu vya ufafanuzi vinasaidia kumwelewa Lacan, yule mchanganuzi-nafsi wa Kifaransa, au umvae mwenyewe hivyo hivyo. Kusaidia vinasaidia. Balaa liko kwenye kuvitanguliza. Babu yako hakumruhusu mwanafunzi afungue sharhe kabla matini haijamkaa kichwani, nami sijabanduka hapo: matini kwanza.

Bado linaniuma lile la mtahiniwa niliyekusimulia. Tasnifu safi, sura nzima juu ya mchezo anaoueleza Freud, mwasisi wa uchanganuzi-nafsi, katika sura ya pili ya Jenseits des Lustprinzips (Ng'ambo ya Kanuni ya Raha, 1920). Mjukuu wake, wa mwaka mmoja na nusu, anakitupa kigurudumu cha mbao chenye uzi nyuma ya pazia la kitanda, anaguna "o-o-o" (yaani fort, "kimeondoka" kwa Kijerumani), anavuta uzi, kinatokea, anashangilia, "da!" ("hiki hapa!") Mtahiniwa akaandika kwamba mtoto anajifunza kumudu kuachwa na mama. Akaulizwa: sehemu ipi aliirudia zaidi? Kimya. Freud kasema wazi: kule kutupa, peke yake, mara nyingi kuliko mchezo mzima. Raha iko kwenye kurudi, lakini mtoto anarudia kuondoka! Swali la kitabu kizima limo humo, kwa nini mtu arudie linalomuumiza, na mfafanuzi aliyemtegemea alilipita. Tena Freud anaongeza uwezekano wa kisasi, na anakataa kukata shauri kwa kisa kimoja.

Lacan naye alikirudia kigurudumu hicho kwa njia mbili. Katika hotuba ya Roma, 1953, ni mtoto kuingia katika lugha kwa sauti mbili zinazopingana. Katika semina ya Paris, 1964, kigurudumu si mama tena, ni kipande kidogo cha mtoto mwenyewe kilichobanduka. Wafafanuzi wengi huipika miaka hiyo chungu kimoja.

Lakini nisiwaonee. Écrits, mkusanyo wa maandishi yake wa 1966, kurasa zipatazo 900, haifuati miaka: inafunguliwa na semina ya 1955 juu ya hadithi ya Poe, mwandishi wa Marekani, halafu inarudi nyuma. Na Lacan hamtaji kila anayegombana naye. Bila mtu wa kukuonyesha kwamba hapa anawajibu watu wa saikolojia ya ego (tapo la uchanganuzi-nafsi linalokazia kuimarisha "mimi" ya mtu), pale anamchukua mwanaisimu Saussure na kumgeuza, utatoka mikono mitupu. Hapo mfafanuzi ana haki yake, na ni kubwa.

Basi soma kurasa tano za matini, zisizidi. Piga mstari pale tu ulipopotea kwanza, uandike kwa sentensi moja unachodhani kinasemwa, hata kama ni ovyo. Ndipo umfungue mfafanuzi na kumwuliza: huyu ni Lacan wa mwaka gani, ukurasa upi? Asiyetaja ukurasa, mrudishe maktaba. Kisha soma tena zile tano. Sentensi yako isipobadilika, hujasaidiwa, umetulizwa tu.

Kile kitabu cha ufafanuzi ulichokiona dukani, ununue usinunue, sitakuamulia, ingawa ulimi unaniwasha. Nitumie kwanza sentensi yako juu ya ile sura ya pili.

Mama yako