Msomaji anauliza: "gongzhi" tumfasiri vipi?

Swali limetoka kwa kijana anayefasiri habari za Kichina kwa ajili ya kipindi cha redio, Dar es Salaam. Anaandika: "Shikamoo Mwalimu. Kwenye makala moja ya Kichina nimekuta sentensi inayosema gongzhi wamekula njama na jingwai shili, na wanazikabidhi nchi za Magharibi kisu. Rasimu yangu inasomeka hivi: 'Wasomi vibaraka wanatumiwa na mabeberu kuihujumu China.' Mhariri ameipenda, anasema inasikika vizuri hewani. Mimi sina amani nayo. Je, ni sahihi? Na hao watu kweli wanalipwa kutoka nje?"

Marahaba, mwanangu. Hiyo amani uliyoikosa ina sababu, na afadhali umeuliza kabla kipindi hakijaenda hewani.

Tuanze na ulichoongeza. Katika Kichina ulichonitumia hakuna kibaraka, hakuna beberu, wala hakuna kuhujumu. Maneno hayo matatu umeyatoa nyumbani, kwenye hotuba tulizokulia. Mwandishi wa Kichina ana tuhuma zake, na ni nzito, lakini ni zake. Wewe umemvisha za kwetu. Kubwa zaidi, umeigeuza tuhuma kuwa taarifa. Yeye anadai, rasimu yako inathibitisha. Msikilizaji wa Temeke au Tandika hana makala ya Kichina mkononi ya kulinganisha, anakutegemea wewe.

Sasa neno lenyewe. Gongzhi ni kifupi cha gonggong zhishifenzi, yaani msomi anayezungumza hadharani juu ya mambo ya umma. Lilianza kama neno la heshima. Septemba 2004 jarida la Nanfang Renwu Zhoukan la Guangzhou lilitoa orodha ya wasomi 50 wa namna hiyo: wanauchumi, wanasheria, waandishi, watu wa sanaa. Novemba mwaka huohuo, gazeti la Chama cha Kikomunisti la Shanghai, Jiefang Ribao, likaishambulia dhana yenyewe, na Renmin Ribao, gazeti kuu la Chama lililoko Beijing, likaichapisha upya makala hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba wasomi ni sehemu ya tabaka la wafanyakazi chini ya uongozi wa Chama, na kwamba anayewaita "huru" anataka kuwatenga na Chama na wananchi. Angalia vizuri: mwaka 2004 ugomvi haukuwa juu ya pesa za nje. Ulikuwa juu ya nani ana haki ya kusema kwa niaba ya umma.

Kisha mtandao wa Weibo ukafunguliwa, Agosti 2009, na mtu mmoja mwenye simu akaweza kusomwa na watu wengi kuliko gazeti la mkoa. Kilele kilikuwa ajali ya Wenzhou, tarehe 23 Julai 2011, treni mbili za mwendo kasi zilipogongana na watu 40 wakafa. Picha za mabehewa yakifukiwa zilisambaa kabla wizara haijajipanga. Msemaji wa Wizara ya Reli, Wang Yongping, alipoulizwa kwa nini wanafukia, alitoa maelezo aliyopewa, kisha akasema: mkiamini msiamini, mimi naamini. Sentensi hiyo ilizunguka China nzima. Siku zile gongzhi alikuwa mtu anayeuliza swali ambalo kila abiria alikuwa nalo moyoni.

Ila nisiwapambe kupita kiasi, maana neno hili halikuharibiwa na serikali peke yake. Kuna kisa cha mabomba ya Qingdao ambacho kila mfasiri wa siasa za China anapaswa kukijua. Wajerumani waliushika mji huo tangu 1897 hadi 1914. Kisa kilichosambaa mitandaoni kilidai kwamba mafundi wa leo walikosa kipuri cha mtaro wa majitaka uliojengwa na Mjerumani, wakaandika barua Ujerumani, wakajibiwa: chimbeni ndani ya mita 3 kutoka mlipo, mtakuta vipuri vya akiba. Wakachimba, wakavikuta vimefungwa kwa karatasi ya mafuta, vinang'aa kama vilitoka kiwandani jana. Watu wenye wafuasi wengi walikieneza kama somo: tazameni mgeni anavyojenga, tazameni sisi tunavyolipua kazi. Hakikuwa cha kweli. Mitaro ya Mjerumani iliyobaki ni sehemu ndogo tu ya mtandao wa majitaka wa Qingdao, na vipuri vya karatasi ya mafuta vilikuwa hadithi.

Sisi wa Tanganyika kisa hiki kinatugusa, maana ni Mjerumani yuleyule na miaka ni ileile. Wapo huku kwetu wanaochimba milima na misingi ya boma mpaka leo wakitafuta mali inayosemekana aliifukia. Mtu akikuzwa akiambiwa kila kizuri kililetwa na mgeni, siku akigundua kadanganywa hasira yake haiishii kwa aliyemdanganya. Inawaendea wote wanaofanana naye. Vijana wa Kichina waliokua wakiona reli na maghorofa yakiota kila mwaka waliwasikia wakubwa hawa wakisema Marekani ni taa na China ni giza, wakachoka. "Karatasi ya mafuta" ikawa fimbo ya kumchapia yeyote anayesifu cha nje.

Nililiona neno hilo likigeuka kwa macho yangu, katika jiko la pamoja la bweni, mwaka 2014. Msichana mmoja alikuwa anaosha mchele, akasema sufuria ya umeme ya Kijapani iliyoko kwao inaivisha wali vizuri kuliko ile ya bweni. Kijana aliyekuwa anakata vitunguu hakuinua hata kichwa. "Umeshakuwa gongzhi," akamwambia. Wote walicheka, na yeye akacheka, lakini habari ya Japani hakuirudia tena jioni ile. Miaka kumi kabla, neno hilohilo lilichapishwa kwenye jalada la jarida kama sifa.

Katikati ya nyakati hizo mbili ulipita mwaka 2013, na huo ndio mwaka wa kuweka alama kwenye daftari lako. Aprili, ofisi kuu ya Chama ilisambaza waraka wa ndani unaojulikana kama Waraka Namba 9, ulioorodhesha mambo 7 ya hatari. Miongoni mwake yalikuwa demokrasia ya kikatiba, tunu zinazodaiwa kuwa za dunia nzima, asasi za kiraia na uandishi wa habari wa Kimagharibi. Mwandishi wa habari Gao Yu alihukumiwa miaka 7 mwaka 2015 kwa kosa la kuuvujisha; baadaye ikapunguzwa kuwa 5. Agosti 2013 akakamatwa Charles Xue, mfanyabiashara Mmarekani mwenye asili ya China aliyekuwa na wafuasi zaidi ya milioni 12 Weibo. Tuhuma ilikuwa kununua ngono, lakini alipoonyeshwa kwenye televisheni ya taifa akiwa na pingu alizungumzia jinsi umaarufu wa mtandaoni ulivyomlevya. Septemba mwaka huohuo mahakama ya juu na ofisi kuu ya mashtaka zikatoa mwongozo: chapisho la kashfa likitazamwa mara 5,000 au kusambazwa mara 500, mwandishi wake anaweza kushtakiwa na kufungwa hadi miaka 3. Wengi wakanyamaza. Neno likabaki bila wenyewe wa kulitetea, na waliobaki kulitumia ni wale wanaolitukania.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: tazama tarehe. Gongzhi wa 2004 mfasiri "msomi anayesemea umma". Wa baada ya 2013, kwenye makala ya hasira kama hiyo yako, ni tusi. Liache gongzhi lilivyo, ulieleze mara moja, kisha uendelee nalo.

Jingwai shili ndipo ulipoteleza zaidi. Shili ni nguvu, makundi yenye nguvu. Jingwai ni nje ya mipaka, na siyo sawa na "nchi ya kigeni", ambayo ni waiguo. Kwa matumizi ya sheria za China bara, jingwai inabeba pia Hong Kong, Macau na Taiwan, sehemu ambazo Beijing haiwezi kuziita ugenini. Ushahidi uko kwenye sheria ya usalama wa taifa ya Hong Kong ya Juni 2020: kosa lake la njama linataja nchi za kigeni "au" nguvu za jingwai, maneno mawili ubavu kwa ubavu. Vilevile sheria ya asasi zisizo za kiserikali iliyoanza kutumika Januari 2017, inayoziweka chini ya usimamizi wa polisi, ni ya asasi za jingwai, na asasi ya Hong Kong inahusika kama ya Ulaya. Ukisema "mabeberu" umeifuta tofauti hiyo yote. Ubeberu una Kichina chake, diguo zhuyi, na waliosikiliza Radio Peking kwa Kiswahili zama za Mao wanalikumbuka. Mwandishi wako angelitaka, angeliandika.

Na "kukabidhi kisu", di daozi, ni usemi mahsusi. Ulishika kasi mwaka 2020 dhidi ya mwandishi Fang Fang, aliyeandika shajara ya kila siku, sehemu 60, wakati Wuhan imefungiwa kwa ajili ya korona. Mwanzoni alipendwa sana. Habari za tafsiri yake kuchapishwa Marekani zilipotoka Aprili, upepo ukageuka: anawapa maadui kisu cha kutuchomea. Huyo ni mtu aliyewahi kuwa mwenyekiti wa chama cha waandishi cha mkoa wa Hubei, ndani kabisa ya taasisi za serikali. Kinachotuhumiwa hapo ni kusomwa na wasiotakiwa kusoma. Malipo hayamo.

Hapo nafika kwenye swali lako la pili. Pesa za nje zimekuwepo, na hatuna haja ya kuficha. Wakfu wa Ford ulifungua ofisi Beijing mwaka 1988 kwa makubaliano na Akademia ya Sayansi za Jamii ya China, chombo cha serikali. Mfuko wa Marekani wa kukuza demokrasia, unaoitwa NED, kwa miaka mingi ulitangaza ruzuku zake zinazohusu China, na jarida alilolihariri Liu Xiaobo, mwandishi mkosoaji wa serikali, liliwahi kunufaika nazo. Vyombo vya serikali vilimkumbusha hilo kila mara baada ya kupewa Nobeli ya Amani 2010. Lakini kosa lililompa miaka 11 lilikuwa kuchochea kupindua dola kwa maandishi: makala 6 na Mkataba wa 08, tamko la kudai mageuzi ya kisiasa. Kupokea ruzuku ni jambo moja, kuandikiwa la kusema ni jingine, na mtu anayedai la pili lazima aonyeshe kitu zaidi ya la kwanza. Makala uliyonitumia haionyeshi chochote. Haitaji jina la mtu, taasisi, mwaka wala kiasi.

Shika mizani hiyohiyo upande wa pili. Waliberali nao huwatukana wapinzani wao wumao, "senti hamsini", kwa madai kwamba serikali inawalipa nusu yuani kwa kila maoni. Waandishi wa kulipwa au kuagizwa wapo: barua pepe zilizovuja za ofisi ya propaganda ya wilaya ya Zhanggong, mkoani Jiangxi, zilichambuliwa na watafiti watatu wa Marekani, nao mwaka 2017 wakakadiria machapisho ya aina hiyo kuwa milioni 448 kwa mwaka nchi nzima. Walichokuta ndani yake ni sifa na shamrashamra za kubadili mazungumzo. Mabishano na wakosoaji yalikuwa machache mno. Maana yake yule kijana mkali anayebishana na wewe usiku kucha yawezekana halipwi na mtu, anaamini anachosema. Wapo wanaojiita kwa fahari ziganwu, wanaojitolea bila ujira. Kumwita mamluki ni kosa lilelile la kumwita gongzhi kibaraka.

Jambo moja nakuomba ulibebe kila unapoona jingwai shili. Novemba 2022, baada ya moto wa Urumqi, mji wa magharibi mwa China, kuua watu 10 wakati wa vizuizi vya korona, watu walikusanyika Beijing kando ya mto Liangma wakiwa na karatasi nyeupe mikononi. Mtu mmoja akawaonya kwamba kuna nguvu za nje kati yao. Sauti zikamjibu kutoka gizani: hizo nguvu za nje unazosema, ni Marx na Engels? Mwingine akauliza wanawezaje kutumwa na watu wa nje wakati hata mtandao wa nje hawawezi kuufungua. Neno lililotengenezwa ofisini lilikutana na watu waliosimama kwenye baridi, nao walilijibu kwa Kichina safi, kwa majina ya Wajerumani wawili, waasisi wa Ukomunisti, waliyofundishwa darasani.

Mpelekee mhariri wako sentensi hii, na umwombe aisome kwa sauti kabla hajaikata: "Makala hiyo inawatuhumu wale inaowaita gongzhi, jina la kejeli kwa wasomi wa mrengo wa kiliberali wanaotoa maoni hadharani, kwamba wamekula njama na makundi yaliyo nje ya mipaka ya China bara, na kwamba maandishi yao yanazipa nchi za Magharibi silaha ya kuishambulia China. Makala haikutaja jina wala ushahidi." Inachukua muda mrefu kidogo hewani kuliko ya kwanza. Mwambie tangazo la mwanzo wa kipindi linaweza kupunguzwa.